Viza ya Mstaafu si ya Kila Mstaafu

Wiki hii tunajibu swali lililotufikia kutoka Nyamigogo, mkoani Kagera. Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67. Binti yake aliolewa na kijana aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, kabla familia ya kijana huyo haijapewa makazi mapya Kanada. Leo binti ni mkazi wa kudumu wa nchi hiyo, ana watoto watatu, na anawaomba wazazi wake waende kukaa naye mwaka mmoja au miwili. Wajukuu hao hawajapata kumwona babu yao ila katika kioo cha simu.

Safari yenyewe ni ya kheri, kwani kuunga udugu ni ibada. Kilichomtia mzee wetu wasiwasi ni maneno ya wakala mmoja wa safari. Wakala huyo alimwambia kuwa kwa kuwa yeye ni mstaafu, anastahili viza ya wastaafu, na kwamba kinachotakiwa ni fedha nyingi benki. Akamshauri auze kibanja chake cha migomba, au akopeshwe fedha zikae katika akaunti yake miezi michache kisha zirudishwe kwa mwenyewe. Mzee anauliza: niuze, au nikope?

Jibu letu ni kwamba asiuze wala asikope. Sababu tutazieleza, maana tunaamini wazazi wengi wako katika njia panda hiyo hiyo.

Kwanza, jina la viza lisitudanganye. Nchi zinazotoa viza au vibali vya wastaafu hazikumkusudia kila aliyestaafu. Zimemkusudia mwenye mali anayekwenda kuitumia huko. Dubai ilianza kutoa viza ya namna hiyo mwaka 2020 kwa waliofikisha umri wa miaka 55, na miongoni mwa njia za kuipata ni kuwa na akiba ya dirhamu milioni 1. Hapa jirani, Kenya ina kibali cha daraja K kwa mwenye umri wa miaka 35 na zaidi, mwenye kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje ya nchi hiyo. Uingereza iliifunga njia yake ya wastaafu wenye mali mwaka 2008. Pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi haimfikishi mtu katika milango hiyo, na wala si milango anayoihitaji mzee wetu. Yeye haendi kununua nyumba ya uzeeni. Anakwenda kwa mwanawe.

Mlango wake, basi, ni ule wa wazazi. Tangu Desemba 2011 Kanada imekuwa na viza maalumu kwa wazazi, mababu na mabibi wa raia au wakazi wake wa kudumu. Viza hiyo yaweza kutumika kwa kuingia mara nyingi hadi miaka 10, na tangu Julai 2022 kila aingiapo, mzazi aweza kuruhusiwa kukaa hadi miaka 5. Masharti yake makubwa yako mabegani mwa mtoto: aandike barua ya mwaliko na kuahidi kuwatunza wazazi, na aoneshe kuwa kipato chake kinafikia kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya watu wa nyumba yake. Mzazi atapimwa afya, na lazima awe na bima ya matibabu ya mwaka mmoja isiyopungua dola 100,000 za Kanada, itakayogharimia pia kurudishwa nyumbani. Ada ya bima hiyo kwa wazee si ndogo, na binti aulizie bei kabla ya kuahidi chochote.

Ipo pia viza ya kawaida ya matembezi, ambayo kwa desturi humruhusu mgeni kukaa miezi 6. Bima si sharti la viza hiyo, ingawa kumpeleka mzee wa miaka 67 ugenini bila bima ni kuhatarisha mali ya mtoto wake. Anayetaka miezi michache hana haja ya kujitwisha masharti ya miaka.

Sasa turudi kwenye kibanja. Ofisa anayepima maombi ya mgeni hutazama kama mtu huyo ana kinachomrudisha kwao. Nyumba, shamba, pensheni na jamaa anaowatunza ndiyo ushahidi wake. Mzee akiuza kibanja ili kujaza akaunti, atakuwa ameiondoa hoja yake iliyo bora kuliko zote, na akirudi hatakuwa na pa kufikia. Ama fedha za kukopa ili zionekane, huo ni uongo ulioandikwa. Sheria ya Kanada humzuia aliyedanganya katika maombi yake kwa muda wa miaka 5. Na hata kama asingegunduliwa, fomu ile ina tamko la ukweli lenye sahihi ya Muislamu, na ahadi kwa asiye Muislamu ni ahadi vilevile.

Tulipofika hapo tulidhani tumemaliza, lakini barua ya mzee ilikuwa na mstari mmoja mwishoni: yeye na mkewe wanamlea mjukuu yatima wa miaka 9. Mstari huo ndio uzito wa jambo zima. Viza ile ya wazazi haimchukui mtoto anayewategemea. Mtoto akitaka kwenda, ataombewa viza yake ya matembezi, kwa hati za ulezi, na maombi yake yatapimwa peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni viza ipi yenye miaka mingi, aulize yatima atabaki na nani, na kwa muda gani anaweza kubaki naye bila kudhurika. Ruhusa ya miaka 5 si amri ya kukaa miaka 5. Maoni yetu ni kuwa waanze na miezi michache kwa viza ya matembezi, mtoto akabidhiwe kwa jamaa mwaminifu mbele ya mashahidi, na matumizi yake yaandikwe.

Kwa wasomaji wetu ambao watoto wao wako ng'ambo ya daraja la Rusumo, mambo ni mepesi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kukaa hadi miezi 6 bila ada. Hata hivyo kibali hicho hugongwa mpakani. Anayepita njia za vichochoroni kwa kuwa anaujua mto amejinyima haki yake mwenyewe.

Yamebaki ya nyumbani. Mstaafu auulize mfuko wake wa pensheni namna ya kujihakiki akiwa nje, maana asiyejihakiki aweza kusitishiwa malipo. Aandike wasia na madeni yake, na aeleze wazi kuwa akifikwa na mauti huko azikwe huko huko, ili watoto wasije wakakopa kwa ajili ya kusafirisha maiti. Ajue pia kuwa kwa madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena. Ataswali kamili na kufunga kama wenyeji.

Mwalimu wetu, mkalishe mama watoto, mpigie binti yako, na mmwite kijana mnayemlea naye asikie. Shaurianeni. Kibanja kibaki na migomba yake, na ufunguo aachiwe mtu atakayewapokea mtakaporudi, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.