Msitu Hauombi Ruhusa



Wanafunzi wana swali wanalolipenda: Kama wanadamu wote wangetoweka siku moja, dunia ingekuwaje? Wengine hujibu upesi kwamba kila kitu kingeharibika. Wengine husema kinyume, kwamba dunia ingepona, maana mwanadamu ndiye ugonjwa wake. Tuyapime majibu haya mawili, si kwa kubuni hadithi, bali kwa kutazama mahali ambapo watu waliondoka kweli.

Mahali pa kwanza pako Ulaya. Katika nchi ya Ukraine mji wa Pripyat ulianza kujengwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha umeme cha Chernobyl, kilichotumia nguvu za atomu. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 tanuri moja la kiwanda hicho lilipasuka, na sumu yake ikaenea hewani. Kesho yake watu wapata 49,000 walipandishwa katika mabasi. Waliambiwa kwamba watakuwa mbali kwa siku 3 tu. Hawakurudi kukaa tena. Baadaye nchi yote iliyozunguka kiwanda, kwa kilometa 30 kila upande, iliamriwa kuachwa.

Ni nini kilichofuata? Kwanza maji yalianza kazi yake. Mapaa yalivuja, wala hapakuwa na mtu wa kuyaziba. Wakati wa baridi kali maji yaliyoingia katika nyufa yaliganda, na maji yakiganda hutanuka hata kupasua saruji. Kisha upepo ukaleta mbegu, nazo zikaota katika nyufa zile, barabarani na hata juu ya nyumba za orofa. Baada ya miaka 30 mji ulikuwa umezama katika miti. Wanyama nao wakazidi: kulungu, nguruwe mwitu na mbwa mwitu. Upande wa Belarus watu wa elimu walihesabu nyayo katika theluji, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba mbwa mwitu wa huko walikuwa wengi kupita mara 7 kuliko wale wa hifadhi nyingine za nchi ile.

Je, sumu imegeuka dawa? Hasha! Sumu ingalipo. Aina yake moja, plutoni, huhitaji miaka 24,000 ili nusu yake tu iishe. Wanyama hawakuongezeka kwa sababu sumu ni njema, bali kwa sababu bunduki, shoka na jembe viliondoka.

Lakini hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo. Kaskazini mwa Kongo yetu, katika miaka ya 1920 na 1930, kwa jasho la Wakongo wengi, ilijengwa njia ndogo ya gari la moshi iliyoitwa Vicicongo. Ilitoka Aketi, ikapita Buta na Isiro, ikafika Mungbere. Ilichukua pamba, kahawa na abiria. Magari yalipoacha kupita, msitu haukuomba ruhusa kwa mtu. Leo sehemu kubwa ya njia ile imefunikwa na majani, na miti imesimama katikati ya reli.

Na barabara zetu je? Wazee wanawakumbuka makantonye, wale wafanyakazi waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara, wafyeke majani na kuzibua mitaro. Siku mtaro unapoziba, mvua hupita katikati ya barabara na kuichimba. Magari yakikosa kupita, majani huota. Baada ya majani huja mti ule wenye majani mapana kama mwavuli, ambao Wafaransa huuita parasolier. Hukua upesi sana mahali penye jua, lakini watoto wake hawawezi kuishi katika kivuli chake. Ukiisha kufa, baada ya miaka wapata 20, miti migumu iliyoanza kukua chini yake hushika mahali pake. Hivyo ndivyo barabara inavyokuwa msitu.

Tena jambo hili si jipya. Msitu wetu mkubwa, ambao wageni husema haukuguswa kamwe, umeficha chini yake vipande vya vyungu, makaa na kokwa za michikichi. Mwaka 2021 wachunguzi wa mambo ya kale walionyesha kwamba watu wa msitu wa Kongo walipungua sana kati ya mwaka 400 na mwaka 600 baada ya Kristo. Palipokuwa vijiji, msitu ulirudi.

Basi wale wanaosema kwamba dunia ingeendelea bila sisi wamesema kweli. Ingepoteza tu vile vinavyotutegemea. Hindi, kwa mfano, punje zake zimefungwa katika maganda, wala haziwezi kujipanda zenyewe. Pasipo mikono ya mtu mahindi yangetoweka upesi. Ndizi tunazolima hazina mbegu, na miti ingezisonga. Mashamba yetu yangetufuata kaburini.

Lakini wale wanaosema kwamba dunia ingepona kabisa kama tungeondoka, hao wamekosea. Mtazameni kifaru mweupe wa kaskazini. Makao yake ya mwisho porini yalikuwa Hifadhi ya Garamba, iliyoanzishwa mwaka 1938 hapa Kongo. Majangili walimwinda kwa ajili ya pembe, na mwanzoni mwa karne hii wakamaliza. Dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi moja ya Kenya mwezi wa Machi 2018. Walibaki majike 2 tu. Hata tukiondoka sote leo, hata Garamba ikae kimya miaka elfu, ukimya huo hautamzaa kifaru yule. Msitu hufunika kilichoachwa. Haufufui kilichokwisha kabisa.

Na tuone jambo lililofuata. Mwezi wa Juni 2023 vifaru weupe 16, wa jamaa ya kusini, waliletwa Garamba kutoka Afrika ya Kusini. Ndio hao jamaa wa karibu wa wale waliopotea. Hawakuja wenyewe. Waliletwa na watu, wanalindwa na watu, na walinzi hao huhatarisha maisha yao. Mkono ulioharibu ni mkono wa mtu. Mkono unaotengeneza nao ni mkono wa mtu.

Hapo ndipo swali la wanafunzi linapopata jibu lake. Muumba hakumweka mtu katika bustani awe ugonjwa wake, wala awe mwenye mali asiyeulizwa neno. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja kwa kazi mbili: kulima na kutunza. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Na mwenye nyumba hujulikana kwa namna anavyoitunza.

Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ninyi wazazi, mtaro ulio mbele ya nyumba zenu msingoje serikali peke yake iuzibue. Mkikata mti wa makaa, pandeni mwingine, tena wawekeni watoto waumwagilie, ili wajifunze kwa mikono yao. Nanyi vijana, mkiona nyama ya mnyama aliyekatazwa inauzwa sokoni, msinunue, hata ikiwa bei ni ndogo. Majani yatarudi juu ya kila kosa letu la uvivu. Mnyama aliyemalizwa hatarudi, na siku tutakapoulizwa habari zake hatutaweza kusema kwamba hatukuonywa.