Kabla Hujalipia Runinga Hiyo
Muuzaji wa Kariakoo akishajua unatafuta runinga ya kuchezea gemu, atakuonyesha inchi 55 na bei ya kukutoa jasho. Usibabaike. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, na kwa sebule nyingi za nyumba za kupanga inchi 43 zinatosha kabisa. Uliza kwanza kasi ya kioo. PlayStation 4 haipeleki kwenye runinga zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hivyo kioo cha Hz 60 kinaimudu. Hz 120 ni za mwenye PlayStation 5 au Xbox Series X, tena penye tundu la HDMI 2.1. Angalia vizuri, maana yapo maboksi yanayotangaza 120 kwa jina la kibiashara ilhali kioo chenyewe ni cha 60. La maana zaidi ni modi ya gemu, inayopunguza urembo wa picha ili ukibonyeza kitufe mpira upigwe papo hapo. Lakini nyumbani wapo pia wa taarifa ya habari na tamthilia: hakikisha kuna matundu ya HDMI yasiyopungua mawili, king'amuzi na gemu visigombee moja, kisha simama ubavuni uone kama rangi zinapauka, kwani si wote watakaokaa katikati. Mwisho, iwashwe mbele yako, uchukue risiti na waranti. Muuzaji akikataa kuiwasha, mwachie runinga yake.