Binti anayevuka bahari afuatane na fani yake



Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa hii tumependa tuzungumze na wazazi, hususan wa hapa Morogoro, juu ya jambo ambalo limetukera kwa muda mrefu. Kwetu Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, haupiti muda pasi na kusikia kwamba binti wa nyumba fulani amepata safari. Aghlabu ni safari ya Maskati au Dubai, na mara chache Ulaya kwa njia ya ndoa. Wazazi huhangaikia pasi ya kusafiria, huuza mbuzi, hukopa nauli ya Dar es Salaam, husomesha dua. Hayo yote ni mema. Lakini ukiuliza mtoto huyu anakwenda na ujuzi gani mikononi mwake, utajibiwa kuwa ujuzi atautafuta huko huko.

Sisi tunaona hilo si jibu.

Wengi wetu tumekisikia kisa cha Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipohajiri kutoka Makka hadi Madina, Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a.), ambaye alimkunjulia moyo hata akataka kumgawia nusu ya mali yake. Ibn Auf alimuombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu, aoneshwe soko liliko. Akapelekwa soko la Banu Qaynuqa, akarejea na jibini kavu na samli. Masheikh wetu hukisimulia kisa hiki kuonesha ukarimu wa Ansari na heshima ya Muhajirina, na ni haki yao. Lakini lipo jambo ambalo hupitwa haraka. Ibn Auf hakuanza kujifunza biashara Madina. Aliwasili akiwa mfanyabiashara aliyekwisha kuiva, na mali aliyoiacha Makka haikuondoka na ujuzi wake.

Ama kuhusu wanawake, Mama wa Waumini Zainab bint Jahsh (r.a.) anajulikana kuwa alikuwa fundi wa mikono. Akidabagha ngozi na kuzishona, na alichokichuma akikitoa sadaka. Tunamtaja kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani kuwa kazi ya mikono ni ya mwanamke aliyekosa mume wa kumtunza.

Tuje sasa katika zama zilizo karibu nasi. Msomaji aliyefika Maskati atakuwa ameziona kofia za Waomani, zile za duara zilizodariziwa kwa nyuzi na kujaa vitobo vidogo vidogo, ambazo wao huziita kumma. Zina undugu wa wazi na kofia za kazi za Zanzibar, na si kwa bahati nasibu. Sayyid Said aliihamishia Zanzibar makao ya utawala wake katika karne ya 19, na tangu hapo watu, nguo na lugha vimekuwa vikivuka bahari huku na huko. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka Unguja na Pemba, na Sultani Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Miongoni mwa waliokwenda walikuwamo wanawake waliozaliwa na kukulia visiwani, ambao Kiswahili kilikuwa fasaha zaidi vinywani mwao kuliko Kiarabu. Walikuwa wageni katika nchi iliyosemekana kuwa ni yao. Lakini sindano walikuwa wakiijua.

Kofia moja iliyoshonwa kwa mkono huweza kuchukua wiki kadhaa, na ya kazi nzito huchukua miezi. Huchorwa nakshi juu ya kitambaa cheupe, vitobo hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi, kipande cha juu na ukanda wa pembeni hushonwa mbali mbali kisha huunganishwa. Ni kazi ambayo mama huifanya akiwa nyumbani kwake, mtoto amelala, chungu kiko jikoni. Haihitaji duka wala karani. Na mnunuzi yupo mlangoni, kwani kila mwanamume wa Oman, mkubwa kwa mdogo, huvaa kofia.

Katika hilo pana fundisho ambalo wengi wanaofikiria biashara ya mikono ughaibuni hulikosa. Kofia ilishamiri Oman kwa kuwa watu wa Oman huivaa. Mtu akibeba mikeka ya ukindu kuipeleka nchi ambayo kila nyumba ina zulia, asije akalaumu riziki yake. Mswala wa ukili uliosukwa vizuri, mwepesi wa kukunja, huenda ukapata mtu. Jamvi la kuanikia mpunga halitapata. Fundi mwenye busara huishi kwanza mahali, akatazama watu wanavaa nini, wanakalia nini, wanazawadiana nini katika harusi na katika Idi, ndipo akaamua mkono wake utengeneze kitu gani.

Hatusemi kuwa njia hii ni laini. Kofia zinazodariziwa kwa mashine zimejaa masokoni kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuikaribia. Anayebaki salama ni yule ambaye kazi yake mnunuzi akiishika anaitambua kuwa si ya mashine. Fundi wa wastani humezwa. Kwa hiyo mtoto hafai kuondoka akiwa amejifunza nusu.

Na hapa ndipo lilipo lalamiko letu kwa wazazi wa Kilakala. Bibi zetu Waluguru walikuwa wakisuka ukili wakitembea, wakizungumza, hata wakilia matangani. Leo binti akionekana ameshika miyaa, anaulizwa kama shule imemshinda. Mafundi cherehani waliozunguka soko kuu la Chifu Kingalu wanatafuta wanafunzi na hawawapati, ilhali vijana wetu wanashinda vibarazani wakingoja simu ya wakala wa safari. Tunadharau nyumbani kile kile tunachotarajia kitawaokoa watoto wetu ugenini.

Yafaa pia tuwe wakweli juu ya aina ya safari. Binti anayekwenda Uarabuni kuwa mtumishi wa nyumbani, kibali chake kimefungamana na mwajiri wake. Hana ruhusa ya kufungua biashara pembeni, na akikamatwa akiuza anaweza kuonekana mvunja sheria. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyowahusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza habari za pasi kushikwa, mishahara kuzuiwa na kazi zisizo na mapumziko. Kumwambia binti wa namna hiyo kuwa atashona kofia usiku akatajirika ni kumdanganya. Kwake yeye fani ni ya siku atakayomaliza mkataba na kurudi, au ni sababu ya kutokwenda kabisa. Maneno yetu mengine yanamhusu aliyekwenda kwa ndoa, kwa masomo au kwa ukaazi halali, naye pia na aulize kwanza sheria ya nchi ile inamruhusu nini kabla hajauza hata kitambaa kimoja.

Jambo jingine ni malipo. Tumesikia mara nyingi malalamiko ya mafundi walio ughaibuni kwamba wateja wabaya zaidi ni ndugu zao wenyewe. Mswahili mwenzake humuagiza kanzu ya harusi, humwambia ataipitia, kisha hunyamaza au hudai bei ya udugu. Fiqhi yetu ya Kishafi, inayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ina dawa ya maradhi haya. Kitu kinachoagizwa kwa kutajiwa sifa zake, nacho hakijakuwapo, huuzwa kwa mkataba wa salam. Sharti lake ni kuwa thamani yote itolewe pale pale katika kikao cha makubaliano, na sifa za kitu, kiasi chake na siku ya kukabidhiwa vijulikane. Hiyo ina maana kwamba fundi hushika fedha kabla hajashika sindano. Njia ya pili ni ya ujira: mteja alete kitambaa chake, wapatane malipo ya kazi. Wanawake wetu wengi wanaona haya kudai fedha mbele, wakidhani ni tamaa. Si tamaa hata kidogo, ni masharti ya mkataba.

Mtaji nao usitafutwe kwa riba. Kina mama wanao upatu, ambao wameuchukua hadi miji ya Ulaya na umewasaidia. Ipo pia mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwingine kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara ya mali, ikitokea pasi na uzembe, humwangukia mwenye mali. Mzazi wa Kilakala mwenye fedha kidogo angeweza kumpa bintiye mtaji kwa mudharaba ulioandikwa na kushuhudiwa, kuliko kumkopa baadaye kila mwezi kwa jina la radhi.

Maana hilo nalo lipo. Binti akituma fedha mara tatu, mara ya nne inakuwa deni. Nyuzi hazijanunuliwa, lakini bati la nyumba ya mjomba limekwishaagizwa. Chumo la mwanamke katika Uislamu ni mali yake. Akitoa kwa wazazi wake wahitaji ana ujira mkubwa, na wazazi wasio na uwezo wana haki kwake. Lakini mtaji wa fundi si pato la kugawana, na mjomba mwenye nguvu za kulima Bigwa hana hoja.

Kuhusu zaka ya bidhaa zilizokwisha kutengenezwa na namna ya kuzithamini unapotimia mwaka, tumepata maswali kadhaa na tutayajibu Ijumaa ijayo, inshaallah.