Moto Hauui Kila Kitu

Keti kwenye hoteli yoyote ya wali maharage karibu na stendi ya Tarime, umuulize mama kwa nini sufuria la wali wa mchana bado liko chini ya meza saa 3 usiku. Jibu litakuja hujamaliza swali: "Tutaupasha, moto unaua kila kitu." Nimelisikia Sirari mpakani, nimelisikia Nyamongo kwa wachimbaji, nimelisikia Mugumu. Na nimeshalilipia. Nililala kitandani siku 2 baada ya kula wali uliokuwa ukifuka mvuke, wa moto hata nikaungua ulimi.

Wanaosema hivyo si watu wabaya. Ni akina mama wanaoamka saa 10 alfajiri kuwasha mkaa, na kwa sahani hizo wanasomesha watoto. Ndiyo maana naona ni haki wajibiwe dai kwa dai, kama watu wazima.

Tuanze na huo moto. Mchele huja jikoni na bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayetoka udongoni. Wali ukichemka, bakteria mwenyewe hufa, lakini mbegu zake ngumu hubaki hai. Mji wa Tarime uko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi, wala si 100. Mbegu hizo hazijali. Wali ukiachwa vuguvugu, zinaamka, bakteria wanazaliana na kuacha sumu ndani ya punje. Sumu hiyo haivunjwi na kupasha. Utaua bakteria wote, sumu itabaki pale pale, na aliyekula ataanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Yupo mwingine pia, Staphylococcus, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono. Naye sumu yake inavumilia kuchemshwa. Piga hesabu: bakteria akipata joto na chakula anaweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Mmoja aliyeingia kwenye sufuria saa 8 mchana, ikifika saa 3 usiku wamekuwa zaidi ya milioni 2. Hapo mkaa wa kupasha umechelewa.

Kwa hiyo kinachotakiwa kuchungwa ni saa. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60, yaani cha moto kweli, cha kuunguza kidole, au kiwe kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo kisizidi saa 2. Kwa mama asiye na friji, maana yake ni kupika kilo 3 asubuhi na kilo 3 mchana badala ya kilo 6 kwa mkupuo, na kuacha sufuria juu ya makaa madogo mpaka liishe. Unga nao usisahauliwe. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi yenye ukungu iliugulisha watu 68 Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Sumu hiyo nayo haiishi hata ugali ukiiva vizuri.

Wengine, hasa wa Tarime, husema: "Huku kwetu baridi, chakula hakichachi." Ni kweli usiku wa Tarime unahitaji sweta. Lakini ubaridi wa kuvaa sweta uko mbali sana na nyuzi 5, na jikoni kwenye majiko manne ya mkaa hakuna baridi yoyote. Zaidi ya hapo, chukua sufuria kubwa la maharage lililofunikwa, chovya mwiko mpaka katikati saa 4 baada ya kuepuliwa, utoe, uguse. Juu pamepoa, katikati bado pana joto la kuatamia mayai. Anayetaka kupoza amwage kwenye sinia pana, kina cha vidole viwili, na alikinge na nzi.

Dai la tatu linanigusa zaidi, kwa sababu linasemwa kwa fahari, na fahari hiyo naiheshimu. "Wazee wetu walikula kichuri, walikunywa maziwa mabichi, waliishi miaka 90." Mchuzi ule mchungu wa utumbo wa mbuzi ni wa watu wa Mara, na sioni kwa nini tuuonee haya. Lakini angalia ulaji wa wazee ulivyokuwa. Mbuzi alichinjwa bomani asubuhi mbele ya macho yao, wakimjua alivyolala na alivyokula, na hadi jioni hakuna kilichobaki isipokuwa ngozi.

Mbuzi wa hotelini ana safari nyingine. Kachinjwa alfajiri, kaning'inia buchani, kaja kwenye mfuko wa nailoni, kakatwa kwenye kigogo. Kisha nyama ikishaiva inarudi kukatiwa juu ya kigogo kilekile, kwa panga lilelile, na nyanya na vitunguu vya kachumbari vinafuata hapohapo. Nimesimama nikitazama damu ya nyama mbichi imejikusanya kwenye ufa wa kigogo, na kipande cha nyanya kikatua juu yake, kikaokotwa, kikatiwa sahanini. Nyama ilipita motoni, kachumbari haikupita popote. Ndimu na pilipili zinakoleza tu, hazisafishi. Vigogo viwili, kimoja cha mbichi na kimoja cha kilichoiva, vinamaliza tatizo hili, na kigogo hakigharimu pesa ya kutisha.

Maziwa nayo: ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba, na mtu aliyekunywa maziwa yake mabichi hupata homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, akatibiwa malaria na taifodi miezi mizima. Ukali wa mgando si kinga ya kutegemea. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe kwa kijiko cha mgando safi. Ladha ipo. Na upande wa Serengeti lipo jambo lisilo na mjadala kabisa. Mnyama aliyekutwa amekufa, wa porini au wa kufugwa, haingii jikoni. Kibudu kinaweza kuwa na kimeta, ambacho mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi na humwingia hata mchunaji, kupitia mchubuko wa mkono, nyama haijafika kwenye sufuria.

"Mpishi wangu ni mzima, hajaumwa hata siku moja." Mary Mallon pia hakuwa anaumwa. Alikuwa mpishi huko New York, na mwaka 1906, katika nyumba moja ya Oyster Bay, watu 6 kati ya 11 waliugua taifodi alipokuwa akiwapikia. Alibeba vijidudu bila kujua, akatengwa mwaka 1907, akaachiwa 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika hospitalini, watu 25 wakiwa wameshaugua na 2 wamekufa. Hapa kwetu wapishi na wahudumu hutakiwa kupima afya kila miezi 6 kwa sababu hiyohiyo: macho hayamjui mbebaji. Ila kadi ya kupima inaeleza siku ile ya kupima tu. Mpishi akitoka chooni leo, kinachomlinda mteja ni sabuni.

Hapo ndipo linapokuja dai zito kuliko yote: "Maji yako wapi? Hayo mambo ni ya hoteli za watalii kule hifadhini." Shida ya maji naijua. Najua dumu linavyonunuliwa na kuhesabiwa. Lakini hebu tuangalie dumu hilo linavyotumika. Beseni la kwanza lina povu la kijivu, la pili la kusuuzia lina mafuta yanayoelea kama macho, na sahani ya 60 inasuuzwa humo kama ya kwanza. Kisha kitambaa. Kitambaa kimoja kinafuta meza, kinafuta sahani, kinafuta jasho, kinaepulia sufuria, na kikining'inizwa msumarini usiku hakikauki. Ningeulizwa nianze na kitu kimoja katika hoteli zetu, ningeanza na hicho kitambaa. Kichomwe. Sahani zipangwe kwenye kichanja zikaushwe na jua, ambalo halina bili.

Kwa mikono, dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia vinatosha kutengeneza kibuyu chirizi, na kunawa hakumalizi hata nusu lita. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, vijijini, bila friji wala bomba, wakachimba vyoo kwa majembe yao. Watalii hawakuhusika. Na kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mpaka kikafika Mara, kilipita humohumo: kwenye maji ya kunywa yasiyochemshwa, mikono na vyombo.

Kuhusu bwana afya anayedaiwa kuja kutafuta hela tu, nitasema moja: akikudai kitu bila risiti, kataa na umripoti, akikuonyesha choo kisicho na sabuni, mshukuru. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Limebaki lile la mwisho, wanalodhani halijibiki: "Miaka 10 nauza, hakuna mteja aliyerudi kulalamika." Sirari ni mpaka. Dereva wa lori anakula saa 7 mchana, anavuka Isebania, jioni yuko Kisumu. Kipindupindu kinaweza kumshika baada ya saa chache au siku 5. Taifodi huchukua wiki 1 hadi 3, homa ya ini ya aina A karibu wiki 4. Atakapolazwa atakuwa ameshakula katika hoteli nyingine 30, na mkewe atamuuliza alichokula jana. Jina la hoteli ya Sirari halitatajwa. Mama ataendelea kuhesabu miaka yake bila lalamiko, na jioni sufuria litarudi chini ya meza.