USUKANI UKIKWAMA, ASILAUMIWE DEREVA PEKE YAKE

Ndugu wafanya kazi,

Habari hii ni ya madereva na makondakta wa matatu, lakini si yao peke yao. Ni ya kila mfanya kazi anayelala Kibera au Kawangware na kupanda gari alfajiri kwenda kazini Industrial Area, Westlands au mjini. Anayeshika usukani ni mwenzetu, na anayekaa nyuma yake ni mwenzetu. Gari likipinduka halichagui. Basi kila asomaye na amsomee yule ambaye hana nafasi ya kusoma.

Twataka kusema juu ya jambo moja tu: usukani unaokwama gari likiwa katika mwendo mkali.

Gari likienda polepole katika msongamano wa Kibera Drive au Naivasha Road, kosa hili halionekani. Dereva huzungusha usukani kwa nguvu, mzunguko mkubwa, na gari hutii. Lakini gari hilo hilo likishika Southern Bypass na kufika kilomita 70 au 80 kwa saa, mambo hubadilika. Hapo dereva hazungushi usukani. Anausogeza kidogo tu, upana wa kidole, kulia kidogo, kushoto kidogo, gari libaki katika njia yake. Sasa usukani unakataa. Umeganda. Dereva anaongeza nguvu, hausogei. Anaongeza tena, na ghafla unaachia, gari linaruka kupita pale alipotaka. Akilirudisha, unaganda tena upande wa pili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 katika sekunde moja. Kabla abiria hajamaliza kusema "Dereva, vipi?" gari limekwisha kutoka katika njia yake.

Hili si jambo la uchawi wala la bahati mbaya. Fundi yeyote wa jua kali pale Kawangware atakuonyesha sababu zake. Basi la viti 33 lina kingpini mbele. Kingpini yataka grisi mara kwa mara. Ikikosa grisi hula kutu na kushika. Gari la viti 14 lina reki ya usukani, nayo imevikwa mpira wa kuzuia vumbi na maji. Mpira ukichanika katika mashimo ya barabara zetu, matope huingia ndani na chuma huharibika. Mafuta ya usukani huvuja, mkanda wa pampu hulegea, na usukani huwa mzito.

Tena kuna kosa moja lililo baya kuliko hayo yote, kwa kuwa hufanywa kwa makusudi. Usukani umelegea kwa uchakavu na mwenye gari hataki kununua reki. Fundi anaambiwa, "Kaza tu." Anakaza skrubu mpaka ulegevu unaisha. Gari likitazamwa limesimama, laonekana zima. Lakini vyuma sasa vimebana, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Ulegevu umeondolewa, mkwamo umetiwa mahali pake.

Ndugu, liangalieni jambo hili vizuri. Magari yetu ya mjini hukaa juma zima katika msongamano. Siku ya Ijumaa watu wa mtaa wamefiwa, wanachanga fedha, wanakodi gari la kuwapeleka waombolezaji Kakamega, Siaya au Busia. Gari ambalo tangu Jumatatu halikupata nafasi ya kupita kilomita 40 kwa saa sasa linatelemka Bonde la Ufa limejaa watu. Hapo ndipo usukani unaonyesha tabia yake, na hapo ndipo dereva anapoijua kwa mara ya kwanza.

Tuna mfano. Ndugu mmoja wetu alipewa gari la viti 14. Siku ya kwanza tu aliyopita Southern Bypass asubuhi, njia ikiwa nyeupe, alisikia usukani umeshika. Jioni alimwambia mwenye gari. Akajibiwa, "Gari hili lina miaka mitatu barabarani, wewe ndiwe wa kwanza kulalamika. Kama mikono yako ni dhaifu, sema." Kesho yake alipofika stejini alikuta gari limepewa dereva wa skwodi, yaani yule wa kibarua cha siku moja. Hakuna aliyemwambia huyo wa skwodi habari ya usukani. Jumamosi gari likakodiwa kupeleka watu mazishini. Mbele ya Nakuru usukani ukaganda, gari likaingia mtaroni. Twamshukuru Mungu hakufa mtu, lakini kondakta alivunjika mkono. Na aliyepelekwa kituoni ni nani? Ni dereva. Kosa lake ni nini? Uzembe. Mwenye gari alisema hakuwa na habari ya ubovu wowote. Dereva wa kwanza alikuwa shahidi, lakini alikuwa amesema kwa mdomo tu, na neno la mdomo halina nakala.

Hili ndilo tunalotaka kila mwanachama alishike. Ubovu wa breki waweza kuonekana gerejini. Tairi lililokwisha laonekana kwa macho. Lakini usukani unaokwama katika mwendo mkali waujua mtu mmoja tu, na huyo ni dereva, kwa mikono yake. Neno lake likidharauliwa, hakuna mwingine wa kuonya.

Sasa tusikilize maneno ya wenye magari.

Wa kwanza husema, "Gari langu limepita ukaguzi." Vyema. Ukaguzi wa magari ya abiria ni mara moja kwa mwaka. Gari lililopita ukaguzi pale Likoni Road mwezi wa Januari laweza kuchanika mpira wa reki mwezi wa Februari. Karatasi ya ukaguzi haitii grisi katika kingpini.

Wa pili husema, "Mimi si tajiri, gari ni la mkopo." Twajua. Si kila mwenye gari ni mtu mkubwa. Wengine walikuwa makondakta jana, na leo wanalipa deni la sako kila mwezi. Hatuna ugomvi na jasho lao. Lakini deni la mtu halilipwi kwa mifupa ya mtu mwingine. Asiyeweza kutengeneza gari asilitoe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa hospitali na mahakama.

Wa tatu husema, "Hutaki, shuka, wengine wako." Huyu ndiye wa hatari, kwa sababu anasema kweli. Asubuhi yoyote stejini kuna vijana wanaongoja gari. Mwenye gari anajua kwamba hesabu yake ya jioni italetwa na huyu au na yule. Mwaka wa 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kushikwa, watu wanakumbuka mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni zile zile zilitaka dereva na kondakta waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Vidhibiti mwendo vilinunuliwa. Mshahara wa mwezi uko wapi? Mtu anayelipwa kwa siku, akikataa gari bovu, hulala njaa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana usalama na mshahara ni neno moja.

Labda mtu atasema jambo hili ni la magari makuukuu ya Afrika tu. Sivyo. Mwezi wa Oktoba 2024 kampuni ya Honda ilitangaza kuyaita magari karibu 1,700,000 huko Marekani, kwa sababu usukani wake uliweza kukwama. Yalikuwa magari mapya, ya mwaka wa 2022 hadi 2025. Vyuma ndani ya gia ya usukani vilikuwa vikisuguana kupita kiasi. Na uchunguzi ulianzaje? Madereva walilalamika, malalamiko yao yakaandikwa, na idara ya serikali ya usalama wa barabara ikaanza kuchunguza mwaka wa 2023. Mwisho kampuni ilikubali kutengeneza bila malipo, na katika dawa yenyewe mlikuwa na grisi.  Neno la dereva liliandikwa, likahesabiwa, likatikisa kampuni kubwa. Hapa kwetu neno la dereva linatupwa pamoja na tikiti za jana.

Wala msidhani kwamba sheria yetu haina kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, fungu la 14, yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amjulishe msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Yasema tena kwamba aliyeondoka penye hatari ya namna hiyo kwa sababu ya haki asifukuzwe wala kuadhibiwa. Mahali pa kazi pa mwalimu ni darasa. Mahali pa kazi pa dereva ni kiti cha gari. Kwa hiyo anayekataa usukani uliokwama si mkaidi wala mvivu. Anafanya lile ambalo sheria imemwagiza.

Lakini na sisi tujisemee ukweli. Wako madereva miongoni mwetu wanaojisifu, "Gari hili lanijua, nalijua." Wamezoea ubovu mpaka wanauona kuwa ufundi. Wanajua kuvuta usukani kwa bega, wanajua kuongeza mafuta yasiyo ya usukani ili jioni ifike. Kisha wanamkabidhi mwenzao gari bila neno. Ndugu, kumficha mwenzako ubovu wa gari ni kumsaliti. Na wako abiria wanaomtukana dereva anapopunguza mwendo au kusimama: "Twende, tumechelewa!" Afadhali kufika kazini saa moja na nusu kuliko kutofika.

Kwa hiyo twadai mambo haya, na twataka kila tawi liyapeleke kwa sako na wenye magari:

1. Kila gari liwe na kitabu cha makosa, cha nakala mbili. Dereva aandike kosa, tarehe na saa. Nakala moja apewe mwenye gari, ya pili abaki nayo dereva.

2. Gari lililoandikwa kosa la usukani lisitoke stejini mpaka fundi alitengeneze na kutia sahihi.

3. Siku ya matengenezo dereva na kondakta walipwe, wala gari hilo asipewe mtu wa skwodi kwa siri.

4. Vipuri na kazi ya fundi zilipwe na mwenye gari, zisikatwe katika posho ya dereva. Na pale reki imekwisha, inunuliwe reki. Neno "kaza tu" likomeshwe.

5. Gari likikodiwa safari ndefu, dereva atakayekwenda nalo alijaribu kwanza bila abiria. Baada ya kona alegeze mikono kidogo na kuona kama usukani warudi wenyewe. Usiporudi, gari lisiende.

Hatukuomba ng'ombe wala shamba. Tumeomba kitabu, grisi, na heshima ya neno la mfanya kazi.

Tangu mwaka wa 2021 hadi 2024 hapakupita mwaka ambao watu waliokufa katika barabara za Kenya hawakuzidi 4,000. Si wote waliouawa na usukani, na hatutasema uongo ili tusikilizwe. Lakini kila ajali ikitangazwa twasikia maneno yale yale: dereva alishindwa kulimudu gari. Ni mara ngapi aliuliza mtu, "Je, gari lenyewe lilikuwa linamudika?"

Matatu ilipata jina lake kwa nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Nauli imepanda mara nyingi tangu siku hizo. Na thamani ya dereva na abiria ipande pia.

Chama cha wafanya kazi wa uchukuzi si jambo geni katika mji huu. Fred Kubai alitoka katika chama cha namna hiyo kabla ya yeye na Makhan Singh kuunda East African Trade Union Congress mwezi wa Mei 1949. Wakati ule hawakuwa na sheria kama hii ya kuwakinga, na walisimama. Sisi tunayo sheria, na bado twaogopa kuandika mistari miwili katika kitabu.

Basi ndugu dereva, kesho asubuhi, kabla hujapakia, sikiliza mikono yako. Ikikuambia usukani umeshika, andika. Ukifukuzwa kwa kuandika, usiende nyumbani kulia. Njoo katika ofisi ya tawi na ile nakala yako. Na wewe ndugu abiria, dereva akisema gari hili halitoki, simama upande wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

UMOJA NI NGUVU.