Joto la Kompyuta ni Masazo, Si Taka

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja katika darasa la tafsiri aliniletea makala yaliyohusu miji ya Ulaya inayopasha nyumba joto kwa kutumia seva za kompyuta. Alikuwa ameyatafsiri vyema hadi alipolifikia jina la joto lenyewe. Hapo aliandika "joto taka". Nilimwuliza iwapo kitu chaweza kuitwa taka ilhali watu wanakilipia. Darasa zima liliangua kicheko, lakini swali langu halikuwa la mzaha.

Waingereza ndio waliolipa joto hilo jina la taka. Watu wa Denmark huliita joto la ziada, Wafini huliita joto lililopotea, nao Wafaransa huliita joto lisiloepukika. Kitu ni kimoja, majina ni manne, na kila jina lina ushauri wake. Taka hutupwa, ziada hugawanywa, kilichopotea hutafutwa, kisichoepukika hupangiwa mapema.

Yafaa tueleze jambo lenyewe. Seva ni kompyuta zinazowekwa pamoja kwa maelfu katika majumba makubwa, zikihifadhi barua, picha na hesabu za benki za watu walio mbali nazo. Takriban umeme wote unaoingia katika mashine hizo hugeuka joto. Joto hilo lisipoondolewa, mashine huharibika. Kwa hivyo wenye mitambo hutumia umeme mwingine kulitoa nje na kulimwaga hewani. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo hivyo vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumiwa duniani. Kwa maneno mengine, sehemu hiyo ya umeme wa dunia iliishia kuwa joto, na aghalabu joto hilo halikumfaa mtu.

Hata hivyo, wapo waliokataa hasara hiyo. Katika mji wa Odense nchini Denmark, alikozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto, kampuni ya Facebook, ambayo sasa huitwa Meta, ilifungua kituo chake mwaka 2019. Hewa ya moto inayotoka kwenye seva huyapasha maji. Maji hayo huwa vuguvugu tu, kwa hivyo pampu maalumu huyaongezea joto kabla ya kusambazwa majumbani kwa mabomba. Mradi huo ulikadiriwa kuzitosheleza nyumba 6,900. Huko Tallaght, karibu na Dublin nchini Ayalandi, joto la kituo cha Amazon lilianza kutumiwa mwaka 2023 katika majengo ya umma, yakiwemo ya chuo kikuu. Karibu na Paris, seva zilisaidia kupasha maji ya bwawa la kuogelea lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024.

Msomaji asidhani kwamba haya yametokana na ukarimu wa kampuni. Denmark iliathirika vibaya na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, na mwaka 1979 ikatunga sheria ya usambazaji wa joto. Leo takriban thuluthi mbili za nyumba za nchi hiyo hupata joto kwa mabomba ya pamoja. Kampuni za kompyuta zilipofika, zilikuta mabomba yakizisubiri. Ujerumani nayo ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaagiza kwamba vituo vikubwa vitakavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vihakikishe kuwa angalau asilimia 10 ya nishati yao inatumika tena, isipokuwa penye udhuru uliotajwa na sheria yenyewe. Waama, bomba na sheria hutangulia, joto hufuata.

Pamoja na sifa hizo, tahadhari yahitajika. Nchini Ayalandi vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita mwaka 2023, kiasi kilichozidi kile cha nyumba zote za mijini. Bwawa moja lenye maji ya moto haliwezi kufuta deni la namna hiyo. Anayekula sufuria nzima kisha akamgawia jirani ukoko asitarajie kuitwa mkarimu.

Je, sisi yatuhusu nini, hali nyumba zetu nyingi hazihitaji kupashwa joto? Yatuhusu sana. Mwezi Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data huko Olkaria, kitakachoendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Si mahali pa kujifunza upya thamani ya joto. Karibu na hapo, huko Naivasha, shamba la maua la Oserian lilikwisha kutumia joto la ardhini kupasha vivungulio vyake. Kwingineko, wakulima wetu huanika mahindi kando ya barabara wakiomba mvua isinyeshe. Mwaka 2004, sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliwaua watu 125 katika nchi hii.

Sisemi kwamba seva za Olkaria zitakausha mahindi ya Makueni. Joto halisafiri mbali bila kupoa, na lile la seva pekee huenda likahitaji kuongezewa nguvu. Nisemalo ni kwamba popote kituo cha aina hii kitakapojengwa, swali liulizwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi: joto litakwenda wapi, na nani anaishi karibu? Likiulizwa baada ya ukuta kujengwa, jibu litakuwa ghali.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mwanafunzi asiye na neno la kitu hawezi kukidai. Kiswahili hakina upungufu hapa. Waliokula na kusaza huacha masazo, na masazo si makombo. Makombo hukung'utwa jaani. Masazo hufunikwa na kuwekewa mwenye njaa. Napendekeza tuseme "joto la masazo". Walimu wa fizikia na wa Kiswahili walijaribu pamoja darasani, wanafunzi wapime kama lafaa, na mwenye neno bora alilete. Mwanafunzi wangu alikwisha kulifuta lile la kwanza.