SIFA SI USHAHIDI

Katika jumba la makumbusho ya jeshi mjini London imehifadhiwa mifupa ya farasi aitwaye Marengo, asemekanaye kuwa kipando cha Napoleon, aliyetekwa Waterloo mwaka 1815. Lakini watafiti walipopekua daftari za mazizi ya mtawala huyo, jina la Marengo hawakulikuta. Sifa ilitangulia, ushahidi haukufuata.

Sisi wa Bugarama tusiwacheke Waingereza. Tuendapo Bujumbura twalipita jiwe la Mugere, lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi wetu husema kuwa hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, Mugere walifika wakiwa tayari pamoja. Jiwe halikusema uongo, bali sisi tuliliongezea maneno.

Ndugu wasomaji, askari hufundishwa kutopeleka habari asiyoihakikisha. Nchini mwetu uvumi juu ya asili za watu umekwisha kumwaga damu. Basi, iwe ni farasi, jiwe au jirani, tusinene kabla ya kuuliza: nani ameshuhudia?